Mgongo wa baba na watoto: majibu kwa wasomaji

Daktari, mume wangu ana baridi yabisi ya uti wa mgongo, na damu yake imeonyesha jeni ya HLA-B27. Watoto wetu watatu watairithi? (Mama, Tanga)

Mama, kinachorithiwa ni jeni, si ugonjwa. Baba akiwa na nakala moja, kila mtoto ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata. Wengi walio nayo huzeeka salama. Wanaougua hawazidi 5 hivi katika 100. Kwa mtoto wa mgonjwa aliyeirithi, hatari hupanda hadi kati ya 10 na 20 katika 100. Hata pacha wa kufanana, mmoja akiugua si lazima mwenzake augue. Zipo jeni nyingine zinazochangia, kama ERAP1 na IL23R.

Mama yangu anaugua ugonjwa huo huo. Mimi nina miaka 24, siumwi popote. Nikapime jeni? (Kijana, Mombasa)

Pesa hiyo itunze. Jibu lolote halitabadilisha matibabu yako, kwa sababu huna cha kutibiwa. Wewe angalia usingizi wako. Ukianza kuamshwa alfajiri na maumivu ya kiuno au makalio, ukashindwa kuinama kufunga kamba za viatu, kisha baada ya nusu saa ya kutembeatembea mwili ukalegea, hiyo ndiyo dalili yenyewe. Mgongo uliochoshwa na kazi hupoa ukilala. Huu hupoa ukitembea. Ikipita miezi 3, nenda hospitali. Ugonjwa huu hugusa hata macho: jicho likiwa jekundu, linauma na kukimbia mwanga, nenda siku hiyo hiyo.

Nilipimwa B27, haikuonekana. Nikaambiwa ni uchovu tu, lakini bado nateseka. (Baba, Arusha)

Pole sana, ndugu yangu. Hili linaniuma kwa sababu linawapotezea watu wetu miaka. Uhusiano wa jeni hii na ugonjwa uligunduliwa mwaka 1973, London na Los Angeles, kwa wagonjwa ambao 9 kati ya 10 walikuwa nayo. Kwetu sisi Waafrika wa kusini mwa Sahara jeni yenyewe ni adimu, na wagonjwa wengi hawana kabisa. Kuikosa hakujakuondolea ugonjwa. Rudi, uombe picha ya maungio yaliyo kati ya uti wa mgongo na nyonga, ya MRI (kipimo cha sumaku) ikiwezekana.

Kuna la kuzuia? (Msomaji, Morogoro)

Jeni hazibadilishwi. Sigara inaachika, nayo huharakisha pingili za mgongo kushikana. Anzia hapo, na unyooshe mgongo kila asubuhi.