Mabati Hayashiki Moto, Mvinje Unashika

SWALI: Fundi, shikamoo. Tulihama nyumba ya makuti kule Maweni kwa kuogopa moto, tukajenga Muyeye nyumba ya mabati, kiambaza na paa, kwa fremu ya mvinje. Vyumba ni viwili, kila kimoja futi 10 kwa 10. Mchana ni tanuri. Kusi ilipoanza mvua ikawa yaingia juu ya kiambaza, mume wangu akaziba mwanya wote kwa nailoni. Ndani akapigilia makatoni ili joto lipungue. Mvua ikinyesha napikia ndani, jiko la makaa. Watoto usiku waumwa na kichwa, wakitoka nje kinapoa. Je, kwa moto tumesalimika? Na hili joto?
Mama wa Watatu, Muyeye, Malindi

JIBU: Marahaba mwanangu. Naanza na kichwa cha watoto, maana hicho hakingoji. Jiko litoke nje leo, kabla hujamaliza kusoma. Makaa yanapowaka penye hewa haba hutoa kaboni monoksaidi, hewa isiyo na rangi wala harufu, na damu huing'ang'ania zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huumwa kichwa, hutapika, husinzia, haamki. Kichwa kinachopoa mkitoka nje ndiyo dalili yenyewe. Wapeleke zahanati, ueleze habari ya jiko. Kisha mume wako akusimamishie banda la kupikia: nguzo nne na paa, bila kuta.

Nailoni nayo ing'olewe. Ule mwanya juu ya mtambaapanya, boriti inayolala juu ya kiambaza, si kasoro ya fundi. Hewa ya moto hupanda, na hapo ndipo mlango wake. Mkiuziba, joto linakaa juu ya vichwa vyenu, na pumzi zenu za usiku zinageuka maji chini ya bati na kutona juu ya kombamoyo, miti inayobeba paa, hadi zioze. Mvua dawa yake ni kuliongeza paa litokeze futi 2 nje ya kiambaza. Mwanya uwekeeni wavu wa mbu. Madirisha, kipimo nilichofundishwa ni moja ya kumi ya sakafu: chumba chako kinataka jumla ya uwazi wa futi 4 kwa 2 na nusu, na angalau nusu yake ifunguke. Moja liwe upande wa baharini, jingine liwe mkabala nalo. Upepo usipopata pa kutokea hauingii.

Sasa moto. Makuti mliyaogopa kwa haki, lakini hamjatoka hatarini. Miaka ya nyuma niliitwa kubomoa nyumba kama yenu iliyoungua. Kwa nje kiambaza kimoja kilikuwa kimesimama wima, rangi ya bluu bado imo. Nikavuta bati la kwanza, misumari ikatoka kwa vidole. Nyuma yake nguzo ya mvinje iliyokuwa nene kama mkono wangu ilikuwa imebaki unene wa kidole gumba, nyeusi, imechongoka juu kama penseli. Moto ulipita kati ya bati na makatoni. Uwazi ule ni dohani: cheche ikiingia chini, inafika paani kabla hujavaa kanga.

Kwa hiyo makatoni yote yatoke. Mkitaka kufunika ndani, wekeni bodi za jipsamu, hata kama ni chumba cha kulala pekee kwanza. Jipsamu ina maji yaliyofungwa ndani yake, kama moja ya tano ya uzito wake, na moto hauna budi kuyakausha kabla ya kuufikia mti. Nyuma ya bodi, kati ya nguzo na nguzo, pigilieni mbao za kulala kila futi 4, zikaze, moto ukipanda ugonge ubao. Na msijenge bati kwa bati na jirani. Bati haliwaki, lakini hupitisha joto upesi, na mti unaoligusa huanza kugeuka makaa kwenye nyuzi 300 hivi. Nyumba ya jirani ikiungua, nguzo zenu zinaweza kushika bila ndimi kuwagusa.

Umeme: kila waya upite ndani ya paipu, usiguse makali ya bati. Waya ukichubuka, nyumba nzima ina umeme, na mtoto anayeegemea ukuta ameushika. Fundi mwenye leseni afunge waya wa athi, unaopeleka umeme ardhini, na swichi inayojikata umeme unapovuja.

Mkihamia gesi, hata mtungi wa kilo 6, toboeni tundu la hewa chini kabisa, usawa wa sakafu. Gesi hiyo ni nzito kuliko hewa, ikivuja inatulia miguuni.

Hukuniambia kama madirisha yana vyuma. Kama vimechomelewa, chumba cha watoto kina njia moja tu, na moto ukianzia mlangoni hawana pa kutokea. Mwambie mchomeleaji akate chuma cha dirisha moja, akitie bawaba mbili na komeo la ndani lisilohitaji ufunguo. Mfundishe hata yule mdogo kulifungua gizani.