Beba pasi yenyewe: kuvuka mipaka ya ndani ya Schengen nyakati hizi za ukaguzi

Karibu kila anayefika Ulaya kusoma, kufanya kazi au kutembelea ndugu ameshaambiwa kwamba ukiingia nchi moja ya Schengen, yaani eneo la nchi za Ulaya zilizokubaliana kutokaguana kwenye mipaka ya ndani, umeingia zote. Kisheria kauli hiyo ina ukweli wake, na nchi zenyewe sasa ni 29. Lakini kauli hiyohiyo ndiyo inayomfanya mtu aache pasi chumbani, apande basi la usiku kwenda nchi jirani akiwa na picha ya kibali kwenye simu. Saa nane za usiku basi linasimamishwa, taa zinawashwa, askari wawili wanapanda na kuanza kiti cha mbele. Picha ya simu hawaipokei.

Ukaguzi huu haukuja bure. Ufaransa iliurudisha Novemba 2015, mwezi yalipotokea mashambulizi ya Paris yaliyoua watu 130, na tangu hapo imekuwa ikiuongeza muda kila unapokaribia kwisha. Asubuhi baada ya mashambulizi, Salah Abdeslam, mmoja wa washambuliaji, alisimamishwa barabarani karibu na Cambrai akielekea Ubelgiji, akaachiwa kwa kuwa jina lake lilikuwa bado halijahusishwa na tukio. Mwaka uliofuata Anis Amri alilivamia kwa lori soko la Krismasi la Berlin, kisha akapita Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa bila kukamatwa, hadi alipouawa na polisi karibu na Milan siku nne baadaye. Alikuwa amejiandikisha kwa majina zaidi ya kumi. Agosti 2024 watu watatu waliuawa kwa kisu mjini Solingen, na mtuhumiwa alikuwa mtu aliyepaswa kuwa amesharudishwa Bulgaria. Kuanzia 16 Septemba 2024 Ujerumani ikaanza kukagua mipaka yake yote ya nchi kavu.

Kwa hiyo askari anayepanda basi ana maswali mawili: huyu ni nani hasa, na ana haki ya kuwa hapa leo? Kila karatasi unayobeba ijibu mojawapo.

Anayeishi Ulaya kwa kibali cha ukaazi anatakiwa abebe vitu viwili, pasi halisi na kibali halisi. Pasi inasema wewe ni nani, kibali kinasema una haki gani. Kimoja hakichukui nafasi ya kingine. Ukiwa navyo vyote viwili na bado ni hai, unaruhusiwa kutembelea nchi nyingine za Schengen hadi siku 90 katika kila siku 180, ila si kufanya kazi huko. Wengi wanakwama kwa sababu kibali kina miaka miwili mbele wakati pasi ilishakwisha. Angalia tarehe zote mbili kabla ya kununua tiketi. Kwa walioko Ujerumani, ile karatasi ya kijani inayokuja na kadi, yenye masharti ya kazi, nayo ni sehemu ya kibali, basi isikae kabatini.

Weka hati hizo kwenye begi unalokaa nalo, usiziache kwenye buti la basi. Treni hukaguliwa kwenye vituo vya karibu na mpaka: Kehl ukitoka Strasbourg, Freilassing ukitoka Salzburg, Frankfurt (Oder) ukitoka Poland, Hyllie ukivuka daraja kutoka Copenhagen, Menton Garavan ukitoka Ventimiglia. Ongeza muda kwenye safari yako, hasa kama una ndege ya kuunganisha.

Kuna jambo linaloumiza na tuliseme wazi: mara nyingi anayeulizwa kwanza ni mweusi, ilhali wengi wa waliofanya mauaji ya Paris walikuwa raia wa Ufaransa na Ubelgiji. Kuchagua watu kwa rangi hakukubaliki, na una haki ya kulalamika kwa maandishi baadaye: andika tarehe, saa, namba ya treni na kituo. Lakini pale ndani ya behewa usikatae kutoa pasi. Msafiri mmoja alikataa kuionyesha Spielfeld, mpakani mwa Austria na Slovenia, akatozwa faini ya euro 36. Kesi yake ilifika Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya, ambayo mwaka 2022 ilisema nchi haiwezi kuurefusha ukaguzi kupita muda wa sheria kwa kurudia sababu ileile. Ila huyo alikuwa raia wa Umoja wa Ulaya. Mgeni akigoma, haki yake ya kuwa nchini nayo inatiliwa shaka palepale.

Sasa wenye viza ya matembezi. Chukua pasi, fungua ukurasa wa stika, usome taratibu. Kuna tarehe ya kuanza, tarehe ya mwisho, idadi ya safari za kuingia, na idadi ya siku. Watu husoma tarehe ya mwisho peke yake, na hapo ndipo wanapoumia. Kwa kawaida viza ya safari moja huongezewa siku 15 za akiba ikiwa safari itasogea, kwa hiyo unaweza kupewa siku 30 ndani ya kipindi cha siku 45. Siku ulizo nazo ni 30, zinazohesabiwa tangu unapoingia. Siku ya kuingia ni siku nzima, na ya kutoka ni siku nzima, hata ukitua saa tano na nusu usiku.

Kisha tazama idadi ya safari. Ikiandikwa 01, ukitoka kwenda London, Dublin, Istanbul au Saiprasi, viza imekwisha hata kama siku zimebaki. Nchi hizo haziko ndani ya Schengen, na shirika la ndege litakuzuia kurudi.

Wenye MULT, yaani viza ya safari nyingi, nao wana mtego wao. Kutoka siku moja na kurudi hakufuti hesabu. Kila siku unayokuwepo, rudi nyuma siku 180 ukihesabu na hiyo ya leo, ujumlishe siku zote ulizokuwa ndani, zisizidi 90. Aliyekaa kuanzia 1 Januari hadi 31 Machi 2026 amemaliza 90, na hawezi kuingia tena kabla ya 30 Juni.

Zamani watu walitegemea mhuri hafifu usiosomeka. Tangu 12 Oktoba 2025 mpaka wa nje una mfumo wa kompyuta unaoandika kuingia na kutoka, na kuhesabu siku wenyewe. Mwenye viza hupigwa picha ya uso, kwa kuwa vidole vyake vilishachukuliwa alipoomba viza. Mwenye kibali cha ukaazi hahusiki, basi atoe kadi na pasi kwa pamoja mwanzoni, asije akaandikwa kama mgeni wa siku 90. Tunza pasi za kupandia ndege za kwenda na kurudi: kutoka kwako kusipoandikwa, mfumo utakuona bado uko ndani, na kipande hicho ndicho ushahidi wako.

Walio hatarini zaidi ni wenye karatasi za kusubiri. Ujerumani, cheti cha muda cha ofisi ya wageni kina vifungu tofauti. Kikiwa chini ya § 81 aya ya 4 ya sheria ya ukaazi, kibali chako cha zamani kinaendelea kuhesabika hai na unaweza kurudi ukiwa na pasi. Kikiwa chini ya aya ya 3, usitoke. Mwenye Duldung, karatasi ya kuahirishiwa kufukuzwa, akitoka nchini, inakufa pale anapovuka. Mwombaji hifadhi ambaye bado hajajibiwa naye asivuke, hata kwa msiba au harusi ya upande wa pili.

Anayeomba hifadhi akiwa mpakani alitamke neno hilo waziwazi, "asylum" au "Asyl", na ahakikishe limeandikwa. Mei 2025 Wasomali watatu walishushwa Frankfurt (Oder) na kurudishwa Poland; tarehe 2 Juni mahakama ya Berlin ikasema kuwarudisha bila kwanza kuchunguza nchi ipi inahusika na ombi lao kulikuwa kinyume cha sheria.

Ukikataliwa kuingia kwenye mpaka wa nje, utapewa fomu yenye sababu zilizopangwa kwa herufi. C ni kukosa viza au kibali halali, E ni kushindwa kuthibitisha lengo la safari, F ni siku kuzidi, G ni fedha kutotosha, H ni jina lako kuwekewa zuio kwenye mfumo. Omba nakala. Sahihi yako inamaanisha umeipokea, haimaanishi umekubali. Soma mahali palipoandikwa muda na ofisi ya rufaa, uipige picha fomu yote pande zote mbili, na umtumie wakili au ndugu kabla hujapandishwa ndege ya kurudi.