Vyuo vikuu vya umma: linganisha idara kabla ya kulinganisha majina

Mkuu, umepata uhandisi wa umeme kwenye vyuo viwili vya umma, na unataka kukiacha kimoja kwa sababu QS, wanaotoa orodha ya kupanga vyuo vikuu duniani, wamekiweka nafasi kama mia mbili chini ya mwenzake. Kabla hujakiacha, jua kwanza hiyo namba inapatikanaje.

QS wanatoa 30% ya alama kwa maoni ya wanataaluma na 15% kwa maoni ya waajiri. Karibu nusu ya alama, basi, ni sifa tu. Chuo kikongwe chenye wahitimu kila kona hutajwa hata na asiyejua idara yake ya umeme ikoje leo. Idara ikikimbiwa na maprofesa, jina huendelea kung'aa kwa miaka. Orodha nyingine ya vyuo duniani, ile ya Shanghai iliyoanza 2003, haiulizi maoni ya mtu, ila 30% yake ni tuzo za Nobel na medali za Fields za hisabati, na uhandisi wa umeme hauna Nobel yake. Tena kuanzia nafasi ya 101 hawapangi chuo kimoja kimoja, wanaweka kundi zima la 101–150. Ukitaka orodha, tumia ya somo lako, si ya chuo kizima.

Halafu fanya kazi yako mwenyewe. Ingia tovuti ya idara, chukua majina ya wahadhiri, yatafute moja moja kwenye Google Scholar, mtandao wa kutafuta machapisho ya kitaaluma, uone walichochapisha miaka 5 ya karibuni. Usilinganishe idadi ya kunukuliwa kwao na ya watu wa tiba. Tiba hunukuliwa mno, na chuo chenye kitivo cha tiba huweza kupanda kwa sababu hiyo. Uwiano wa wahadhiri na wanafunzi nao unadanganya: ule wa chuo kizima unaweza kupendeza huku darasa lako la mwaka wa kwanza likijaa mpaka mlangoni. Dai uwiano wa idara yako.

Waulize wanafunzi wa mwaka wa tatu swali moja la maabara: osiloskopu moja (kifaa cha kuonyesha mawimbi ya umeme) mnatumia wangapi? Wakiwa wawili, kila mmoja anashika vifaa. Wakiwa wanane, wawili wanapima na sita wananakili majibu. Uliza pia kati ya walioanza pamoja, wangapi wanamaliza kwa wakati.

La ithibati usilifanyie mchezo. Chuo kuwa na ithibati hakumaanishi kozi yako inatambuliwa na bodi ya wahandisi, na bila hiyo usajili wako unaweza kukwama. Kama unafikiria kufanya kazi nje, angalia kama kozi imo kwenye Washington Accord, makubaliano ya 1989 ya kutambuliana shahada za uhandisi.

Jina kubwa lina faida yake, hasa kwenye mchujo wa kazi ya kwanza na maombi ya ufadhili wa uzamili. Idara zikilingana, chukua jina. Zisipolingana, nenda kwenye idara nzuri, na ukitaka uzamili, anza mapema kuwazoea wahadhiri wanaochapisha, maana barua za mapendekezo utazipata kwao.