Hajanunia Poka, Amenunia Akiba

Msomaji wetu anamfundisha poka, mchezo wa karata wa kuwekeana pesa, shemeji yake, mdogo wa mkewe, kijana wa miaka 19, na amempa mtaji wa kuanzia. Mkewe amenuna wiki nzima. Anauliza: "Nifanyeje aelewe kuwa nia yangu ni njema?"

Mwanangu, pole kwa kununiwa. Ila barua yako nimeisoma tena nikitafuta mtaji huo ulitoka wapi, sikuona. Nimeona tu umegusia kwamba mkeo "alihesabu akiba". Basi hajanunia poka. Umechukua pesa za nyumba bila kumwambia, na mimi niko upande wake.

Unasema pia kijana "alikaribia kurudisha zote" usiku ule. Kumbe alishaliwa, nawe ukakaa kumtazama akifukuza hasara. Mwalimu gani huyo? Katika karata mbili za kwanza unazogawiwa, jozi ya ree ndiyo mwanzo bora kuliko yote, lakini ikipambana na jozi ya wafalme, pesa zote zikiwa zimewekwa kabla karata za mezani, zile za wote, hazijafunuliwa, bado hushindwa karibu mara moja kati ya tano. Kama ree zenyewe hufanya hivyo, je, karata za kubahatisha? Ndiyo maana wachezaji makini hutenga mtaji wa mchezo peke yake, mbali na kodi na chakula. Hukaa meza ambayo mtaji huo unalipa kiingilio chake mara 20 au 30, na ukipungua hushuka meza ndogo bila kuona haya. Na kasino hukata fungu lake kila mchezo, kwa hiyo kuwazidi wenzako kidogo tu hakutoshi. Mali bila daftari hupotea bila habari: kijana aandike alichoingia nacho na alichotoka nacho, kila mara. Nawe uandike chako, kwa maana nashuku hasara yako ni kubwa kuliko yake.

Ndoa za siku hizi zinanihuzunisha. Watu wanalala kitanda kimoja, kila mmoja na pesa zake za siri. Pesa iliyowekwa na wawili hutolewa na wawili.

Kijana akitaka kuendelea, na sheria ya mnakoishi ikimruhusu kwa umri wake, kwanza acheze bila pesa hadi aweze kutupa karata mbovu bila uchungu. Baadaye atumie chake alichokitolea jasho. Wewe usimpe hata senti. Leo hii mtajie mkeo kiasi chote ulichochukua, na mwezi huu uanze kukirudisha kutoka kwenye mshahara wako.