Andika maswali yako kabla mabango hayajabandikwa

Kampeni zinapokaribia kumalizika, huwa nimewafahamu wagombea kwa namna ya ajabu. Ninajua wanavyocheka, wanavyokunja mikono ya shati wanapotaka kuonekana wachapakazi, wimbo wanaoingia nao jukwaani, na jinsi wanavyowabeba watoto wasio wao mbele ya kamera. Lakini nikiulizwa ni kodi ipi wataiongeza, ni idara ipi wataipunguzia fedha ili ahadi zao zitimie, au walipiga kura upande gani miswada mizito ilipofika bungeni, hubaki nikikuna kichwa. Mikutano nimehudhuria, midahalo nimeifuatilia, vipeperushi nimevisoma na jumbe za simu ambazo sikuziomba zimenifikia. Habari hizo hazikuwamo humo.

Kero hii si ya kizazi chetu peke yake. Barua ya mwaka 64 KK inayohusishwa na Quintus Cicero, akimshauri kaka yake Marcus aliyekuwa akigombea cheo cha juu kabisa cha uongozi wa Roma, inamwelekeza mgombea akubali hata maombi asiyoweza kuyatimiza, kwa kuwa watu humchukia zaidi anayewakatalia waziwazi kuliko anayewaahidi kisha akashindwa. Televisheni ilipoingia, ufundi ulibadilika na nia ikabaki ile ile. Mwaka 1952, watengenezaji wa matangazo ya Dwight Eisenhower, aliyegombea urais wa Marekani, walimrekodi kwanza akitoa majibu mafupi, kisha wakatafuta raia wa kawaida wa kusoma maswali yaliyoyafaa majibu hayo, na vipande hivyo vikaunganishwa ili vionekane kuwa ni mazungumzo. Tangu nilipolifahamu hilo, kila ninapomwona mwananchi akimuuliza mgombea swali laini mbele ya kamera, najiuliza ni kipi kilichotangulia, swali au jibu.

Wengi hupenda kutaja mdahalo wa Septemba 26, 1960, uliofanyika Chicago kati ya John F. Kennedy na Richard Nixon, waliokuwa wakigombea urais wa Marekani, na kusimulia kwamba waliousikiliza redioni walimwona Nixon kuwa mshindi, ilhali watazamaji wa televisheni walimpendelea Kennedy. Ushahidi wa simulizi hiyo ni mwembamba kuliko inavyosimuliwa, nami siitegemei. Kinachonivutia zaidi ni yaliyofuata: wagombea wakuu wa urais wa nchi hiyo hawakukutana tena katika mdahalo wa televisheni hadi mwaka 1976. Aliyeona kwamba jukwaa la pamoja lingeweza kumwangusha alijiepusha nalo, na hakuna sheria iliyomlazimisha kufika.

Kwa nini mbinu hizi zinafanikiwa hata kwetu tunaojiona werevu? Mwaka 2005, mwanasaikolojia Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton na wenzake walichapisha utafiti ambamo washiriki walioneshwa picha za nyuso za wagombea wawili wasiowafahamu, wakaulizwa ni yupi anayeonekana kuwa na uwezo zaidi. Aliyechaguliwa kwa kigezo hicho cha sura tu ndiye aliyekuwa ameshinda katika takriban asilimia 70 ya chaguzi za Seneti ya Marekani walizozichunguza. Hata picha ilipooneshwa kwa sekunde moja, hukumu hiyo ilifuata mkondo ule ule. Maana yake ni kwamba akili yangu inapoanza kupima hoja, macho yanaweza kuwa yamekwisha kuamua, na hoja zote zinazofuata zinakaribishwa au kukataliwa kulingana na uamuzi huo.

Ndiyo maana ushauri wangu unahusu wakati kuliko ujasiri wa kupinga propaganda: andika maswali yako kabla majina ya wagombea hayajapitishwa. Mimi huchagua mambo machache yanayonigusa kweli, kwa mfano elimu, matibabu na ajira, na kwa kila jambo ninauliza fedha zitatoka wapi, kazi itakamilika lini, tutajuaje kwamba imeshindikana, na ni nani atakayepoteza. Swali hili la mwisho ndilo ninalolithamini kuliko mengine yote, kwa sababu karibu kila uamuzi wa serikali una mtu anayeulipia. Mgombea anayesisitiza kwamba hakuna atakayeumia hajanieleza sera, amenieleza matamanio. Karatasi hiyo siibadilishi hata kama mgombea ninayempenda anashindwa kuijibu, na hapo ndipo ugumu ulipo, maana kishawishi cha kulegeza maswali kwa ajili ya mtu wako ni kikubwa mno. Kwa aliyewahi kushika madaraka, sehemu ya majibu imo katika kumbukumbu rasmi za bunge au baraza, nazo huchosha kuzisoma, lakini hazikupambwa na mshauri wa kampeni.

Kuhusu kampeni za kuchafuana, nina tahadhari moja inayotokana na tangazo lililorushwa kwa ajili ya Lyndon Johnson, rais wa Marekani aliyekuwa akigombea, Septemba 7, 1964. Linamwonesha mtoto akihesabu petali za ua, kisha mlipuko wa nyuklia, bila kumtaja mpinzani wake, Barry Goldwater, hata mara moja. Kampeni ililipia lirushwe mara moja tu. Vituo vya habari vililionesha tena vikilijadili, na ujumbe kwamba mpinzani huyo ni hatari ukasambaa bure. Kila ninapotaka kumtumia rafiki video ya matusi ili tuilaani pamoja, ninakumbuka kwamba hesabu ya waliotengeneza huenda ilinijumuisha mimi.

Zipo pia mbinu zinazolenga kukuondoa kabisa kwenye foleni ya kupigia kura. Januari 2024, wapiga kura wa jimbo la New Hampshire, Marekani, walipigiwa simu zenye sauti ya Joe Biden iliyotengenezwa kwa akili mnemba, ikiwataka wasijitokeze katika uchaguzi wa awali wa kumchagua mgombea wa chama. Ujumbe wowote unaokwambia ubaki nyumbani, au kwamba tarehe au kituo kimebadilishwa, uhakiki kwa kuwasiliana na mamlaka ya uchaguzi kupitia namba uliyoitafuta mwenyewe, si ile iliyokuja na ujumbe. Na wale wanaosema wagombea wote ni wamoja, kwa hiyo wasijisumbue, siwaungi mkono. Wapo wanasiasa ambao ushindi wao unategemea hasa uchovu huo.

Ukipata nafasi ya kumuuliza mgombea ana kwa ana, uliza swali moja fupi, bila utangulizi, kwa kuwa hotuba ndefu ya muulizaji humpa mgombea uhuru wa kuchagua kipande anachotaka kukijibu. Akizunguka, lirudie kwa maneno yale yale. Nafasi isipopatikana, peleka swali kwa maandishi katika ofisi yake ya kampeni na uweke nakala. Mimi nikitumiwa salamu na picha badala ya jibu, ninaandika "hakujibu" mbele ya jina lake, kisha ninampelekea mpinzani wake swali lile lile.