Barua kwa mwanangu: kwa nini nilikwambia ni mafua tu

Mwanangu,

Juzi umeniuliza kitu nikakujibu kijuujuu afu nikajifanya nina usingizi. Ulikuwa unatafuta chaja kwenye droo yangu ukakutana na ile bahasha yenye pini, ukaisoma, ukaniuliza, mama kumbe 2021 ulibebwa mpaka hospitali, mbona mimi uliniambia ni mafua tu? Basi usingizi wenyewe haukuja, acha nikuandikie.

Ugonjwa wangu we unaujua kwa vidonge tu. Addison iko hivi, zile tezi mbili ndogo zinazokaa juu ya figo, kinga ya mwili wangu mwenyewe ilizigeukia ikaziharibu, hazitoi tena kotisoli wala ile homoni nyingine ya kushikilia chumvi mwilini. Kabla hawajaugundua nilikuwa nimekonda, ngozi imekuwa nyeusi mpaka mistari ya viganja, presha iko chini, nalamba chumvi kama mbuzi, na watu wananiambia punguza mawazo. (Mawazo! Hao bado sijawasamehe.) Tangu hapo ndo hizi haidrokotisoni za kujazia ile kotisoli, miligramu 10 nikiamka, 5 mchana, 5 jioni, pamoja na fludrokotisoni ya ile chumvi.

Sasa korona ilipoingia 2020 kila mtu akawa daktari. Wakasikia steroidi, yaani kundi la dawa kama haidrokotisoni yangu, zinashusha kinga, nikapigiwa simu mama fulani acha hizo dawa haraka. Yaani hawaelewi kwamba dozi yangu inajazia tu kile ambacho wao miili yao inajitengenezea bure, mi nikiacha ghafla nakufa hata bila korona. Afu mwezi wa 6 mwaka huohuo zikatoka habari za ule utafiti wa Uingereza kwamba deksamethasoni, nayo ni steroidi, inapunguza vifo, wale wale wakaanza kuniuliza eti una akiba kidogo? Nilicheka mpaka machozi. Ile ilikuwa miligramu 6 kwa siku kwa wagonjwa waliozidiwa mpaka wanawekewa oksijeni, sio kwa kila mwenye kikohozi.

Ila umeniuliza niliogopa nini mpaka nikakudanganya. Sio mapafu mwanangu. Mtu mzima wa afya akipata homa, tezi zake zinaongeza kotisoli zenyewe wala hajui. Zangu haziongezi, lazima niongeze mimi kwa mkono, na kwa korona madaktari wa homoni walishasema ni miligramu 20 kila baada ya saa 6, usiku na mchana, yaani 80 kwa siku badala ya 20 zangu, ndo maana uliniona nahesabu vidonge kama mtu anayehesabu mshahara. Hiyo naiweza. Nisichokiweza ni kutapika, maana kidonge kikirudi hakuna dawa mwilini, presha inaanguka, akili inapotea, unaonekana kama mtu amelewa au amechoka tu, na ni suala la masaa. Na wakati ule ukifika hospitali aliyekuleta anabaki getini. Nikawa nawaza, nitaingia peke yangu nimeshapoteza fahamu, kila mtu ana barakoa anakimbilia wenye shida ya kupumua, nani atawaambia huyu anahitaji haidrokotisoni sasa hivi?

Ndo nikaandika bahasha. Inasema nina Addison, nipewe haidrokotisoni miligramu 100 kwa sindano mara moja, halafu drip ya maji ya chumvi, msisubiri vipimo. Na namba yako.

Siku yenyewe homa ilianza asubuhi, nikapandisha dozi vizuri tu, we ukanipigia jioni nikakwambia mafua. Ulikuwa na mitihani na njia zenyewe zilikuwa zimefungwa, ungefanya nini zaidi ya kulia kwenye simu? Hivo ndo nilivojiambia. Saa nane usiku nikatapika, nikameza tena, nikatapika tena. Nikavunja kichupa cha sindano yangu ya dharura ya haidrokotisoni, nikachanganya ule unga na maji yake, mikono inatetemeka, nikajichoma pajani juu ya nguo nikampigia jirani, maana ukishajichoma safari ya hospitali iko palepale. Yeye ndo alinibandika bahasha kifuani kwa pini, kama mtoto wa chekechea. Getini wakamzuia kweli. Nesi akaisoma akiwa amesimama, na drip nikaanza kuiona nilipofumbua macho.

Kosa langu liko hapo, karatasi niliamini itanisemea kuliko mwanangu. Wangekupigia kweli ile namba ungewaambia nini? Ungewaambia mama ana mafua. Hilo limenikaa kooni mpaka leo.

Kwahiyo ukija wikendi njoo na muda. Nitakufundisha kuchoma kwenye sponji kwanza, paja la nje, sindano inaingia wima, wala usiogope kunizidishia maana dozi moja ya dharura haidhuru kama kuchelewa. Vichupa viko droo ya pili sio ile uliyopekua, na kimoja kinaisha muda wake mwezi wa kumi, hebu kiweke kwenye simu yako maana yangu nazima alamu nikiwa usingizini.

Mama yako