Jibu: Kadi ya GB 128 inayoharibu picha

Salaam mkuu. Umesema kadi inaonyesha GB 128, picha za mwanzo ziko salama ila mpya hazifunguki. Usiilaumu simu kwanza. Kuna kadi zilizochezewa: ndani huenda ni GB 8 tu, zinaidanganya simu, na zikishajaa kinachofuata kinapotea. Yalinikuta nikiwa chuo. Picha za mahafali zikabaki kijivu, uso wa mama umekatika nusu.

Hamisha kwanza zinazofunguka. Kisha ichomeke kwenye kompyuta uipime kwa H2testw, programu ya bure ya Windows; inaijaza kadi yote, inasoma tena, inakupa ukubwa halisi. Kuifomati hakusaidii. Bila kuishika siwezi kuapa, lakini dalili ndizo hizo. Risiti unayo? Mrudishie muuzaji leo leo.